Mama, Punguza Redio Yako

Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025 nilikuwa kwenye matatu ya kutoka Kiembeni kwenda mjini, dereva akaongeza sauti ya redio. Leonard Mambo Mbotela amefariki. Kijana aliyeketi kando yangu akachomoa waya wa simu sikioni, akauliza, "Nani huyo?" Makanga akamjibu bila kugeuka: "Si yule mzee wa Je, huu ni ungwana." Kijana akasema "aa," akarudisha waya wake.

Kiti cha nyuma palikuwa na mama mmoja aliyepakata kikapu cha mboga. "Huyo alikuwa mtu wetu," akasema, bila kumlenga yeyote. "Wa hapa hapa." Akanyoosha kidole dirishani. Tulikuwa tunapita Kengeleni.

Mimi nimezaliwa Kisauni, nimesomea Kisauni, na chuo kiliponishinda mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilirudi Kisauni. Kengeleni napita karibu kila siku. Na sikuwa najua. Nilidhani ile sauti, kile Kiswahili kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi, ilitengenezewa Nairobi, ndani ya studio. Jioni nikamwuliza bibi yangu, mamake mama, ambaye amemsikiliza Mbotela tangu ujana wake na alikuwa akitunyamazisha sote kipindi kikianza.

"Alikuwa mtu wa misheni," akasema. "Kama sisi."

Kama sisi? Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunitamkia hivyo. Shuleni tulipopewa fomu zenye nafasi ya kabila, mama alikuwa akiniambia niandike Mgiriama, kwa sababu ya babu. Upande wa bibi haukuwa na jina la kuandika kwenye fomu.

Basi nikaanza kusoma. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na wamishonari wa CMS kutoka Uingereza, ng'ambo ya maji kutoka kisiwa cha Mombasa, ili kuwapa makao watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Jina lilitokana na Bartle Frere, yule aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Waliofikishwa hapa walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine, watu ambao hawakuwa na ukoo hata mmoja Pwani. Kengele ilitundikwa ili igongwe wakati wafanyabiashara ya watumwa wanapoonekana, watu wapate kujificha. Ndiyo hiyo iliyoipa Kengeleni jina. Leo chini yake wanapita watu wa bodaboda wanaogombea abiria.

Babu yake Mbotela alikuwa mmoja wa waliofikishwa hapo, kutoka pande ambazo leo ni Malawi. Mwanawe, James Mbotela, akaandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na wengine hukihesabu kati ya riwaya za mwanzo za Kiswahili. Wasomi wamekilaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na mimi nikikisoma naona lawama hiyo ina haki yake. Lakini pia nakisoma kama mtu ambaye bibi yake alisema "kama sisi" akaenda kuinjika chai, na sioni haraka ya kumhukumu mtu anayemshukuru aliyemfungua minyororo babake. Leonard alizaliwa Freretown mwaka 1940.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wewe uliyekua ukimsikia Mbotela huenda unadhani ungwana ni adabu tu: usile ukiongea, usimpigie mtu honi kwa hasira, ukiazima rudisha. Pwani neno hili ni zito kuliko hivyo. Mwungwana, kwa asili, ni mtu aliyezaliwa huru. Kinyume chake si mtu mkorofi. Kinyume chake ni mtumwa. Mwungwana alikuwa na nyumba ya mawe, na jina la baba, na babu anayetajika, na msikiti wa mtaani kwao. Adabu zilihesabiwa kuwa zake kwa sababu ya uzawa, na asiyezaliwa nazo angejifunza wapi? Utumwa ulifutwa kisheria kwenye ukanda wa Pwani ya Kenya mwaka 1907. Watu waliozaliwa kabla ya hapo walikuwa bado hai wakati bibi yangu ni msichana, na walijua nani ni nani.

Halafu, mwaka 1966, mjukuu wa mateka kutoka Freretown anakaa mbele ya maikrofoni ya Sauti ya Kenya, anasimulia tabia fulani aliyoiona, na anaiuliza nchi nzima, mawaziri na wake zao wakiwemo: Je, huu ni ungwana? Akaendelea kuuliza hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Iwe alikusudia au la, huyo mtu alilichukua neno lililokuwa limefungiwa ndani ya nyumba za mawe za Mji wa Kale, akalivusha maji, akampa kila mwenye redio ya betri. Kuanzia hapo hukuuliziwa babu. Ulitazamwa unafanya nini.

Bibi analieleza kwa ufupi zaidi. "Ilikuwa raha," alisema, "kumsikia akiwagombeza."

Kisiwa kilikuwa na redio yake kabla ya hapo. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilisikiliza Sauti ya Mvita, stesheni ya serikali ya kikoloni. Jina limejieleza: Mvita ni kisiwa. Likoni, Kisauni na Changamwe hazikuwemo kwenye jina, ingawa mawimbi hayakuulizana na maji. Ilikuwa ni redio ya taarabu na mashairi na Kiswahili cha watu wa mji, na wapinzani wake walitoka mbali. Mwaka 1954 Sauti ya Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na sauti yake iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali, akiwatukana wakoloni kwa lugha ambayo kila mtu wa Pwani aliielewa bila kamusi. Serikali ya kikoloni iliingiwa na wasiwasi, na ilikuwa na sababu. Mwaka 1957 BBC nayo ikafungua idhaa ya Kiswahili. Yaani mtu wa Mombasa, kabla ya uhuru, angeweza kukaa barazani na kuchagua ni nani amdanganye usiku huo.

Na palikuwa na jambo la kuzungumzwa. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa, kwa maandishi, mali ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliutawala kwa niaba yake. Uhuru ulipokaribia likaja swali la Mwambao: ukanda huu uende Kenya, uende Zanzibar, au usimame peke yake? James Robertson alitumwa kuchunguza mwaka 1961, akapendekeza uunganishwe na Kenya. Ronald Ngala na chama chake cha KADU walitaka majimbo. Wenye Mwambao, wengi wao watu wa kisiwani, walitaka kujitenga. Wamijikenda na watu wa misheni walijiuliza, na hawakukosea, kama kwenye Mwambao huo mpya wao wangekuwa waungwana au wangerudishwa jikoni. Oktoba 1963 serikali za Kenya na Zanzibar zikakubaliana, na tarehe 12 Desemba ukanda ukaingia Kenya moja kwa moja.

Mwaka 1964 redio ikawa ya serikali na kuitwa Sauti ya Kenya. Mpaka leo kule Kizingo kuna barabara inayobeba jina hilo, ingawa shirika lenyewe lilirudi kuitwa KBC mwaka 1989. Maikrofoni Mombasa zilibaki. Kilichohama ni uamuzi wa nini kizungumzwe. Swali la Mwambao lilikuwa limefungwa, na likifungwa Nairobi limefungwa.

Kijana mmoja wa Mombasa alijaribu kulipitisha swali lingine kwa mlango wa pili. Abdilatif Abdalla, mshairi, alikuwa na umri wa miaka 22 tu alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi?, akiikosoa serikali ya Kenyatta. Alifungwa miaka mitatu, na mashairi aliyoyaandika gerezani yakawa kitabu, Sauti ya Dhiki. Nchi iliyomfunga ikampa kitabu hicho Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Nalipenda sana tukio hilo, lina ucheshi ambao mtu hawezi kuutunga. Na mwaka 1979 akaenda kufanya kazi BBC, London. Kwa hiyo palikuwa na miaka ambapo Mpwani aliyetaka kumsikia Abdilatif Abdalla redioni ilimbidi atafute mawimbi yanayotoka Ulaya, huku studio iko Kizingo, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Nisimdhulumu bibi, lakini. Yeye hakumbuki kipindi hicho kama ukimya. Anakumbuka salamu. Unanunua kadi, unaandika majina, unaituma, na wiki kadhaa baadaye mtangazaji anasoma: wapokee salamu hizi fulani wa Changamwe, fulani wa Mtongwe, fulani popote alipo. Anakumbuka matangazo ya vifo, nyumba nzima ikinyamaza isikie kama kuna jina la mtu wao. Anakumbuka Juma Bhalo na Zein l'Abdin, na Zuhura Swaleh, ambaye akianza kuimba kazi zote zilisimama. Anakumbuka tarehe 1 Agosti 1982, Mbotela akitangaza kwa sauti ileile ya ungwana kwamba serikali imepinduliwa, kwa sababu wanajeshi wa Ochuka walikuwa wamemchukua nyumbani na kumsimamia. Siku hiyohiyo jeshi lililomtii Moi likaikomboa stesheni. Bibi anasema alijua kuna kitu, manake Mbotela hakuwa na kawaida ya kusoma kwa haraka.

Lakini redio hiyo ilisema tu. Haikuwa na masikio. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa, wengi wao wakienda kazini asubuhi. Mama yangu alikuwa msichana, na shangazi yake alikuwa akivuka hapo. Anasimulia walivyokaa kando ya redio wakingoja. Taarifa ilikuja kutoka Nairobi, ikataja feri, ikataja maji, ikahamia habari nyingine. Hapakuwa na nambari ya kupiga, hapakuwa na mahali pa kuuliza: na aliyekuwa amevaa leso ya manjano? Shangazi alitokea jioni kwa miguu yake. Alikuwa amechelewa kuamka.

Masikio yalikuja na FM. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 na kuingia 2000 Mombasa ilijaa stesheni: Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam, na KBC wenyewe wakaleta Pwani FM, yenye lafudhi ya huku. Simu za mkononi zilipokuwa za kila mtu, watu wa bara wakaingia hewani. Nasema bara kwa maana ya Mombasa, si ya Nairobi. Kwetu neno hili lina balaa mbili: Mbara ni mtu wa Nairobi na kwingineko aliyekuja Pwani, na pia bara ni sisi, Likoni, Kisauni na Changamwe, tusio kisiwani. Mtu wa Mji wa Kale anaweza kukuita wa bara na usijue amekutukana vipi.

Sikiliza jinsi watu wanavyopiga simu. Hutaja mahali kabla ya hoja. "Naitwa Baba Fulani, nakupigia kutoka Magongo." "Mimi niko hapa Bombolulu." "Ng'ambo huku, Likoni, kwa muda huu foleni ya feri imefika juu." Mwingine humjibu aliyetangulia, akimtaja kwa mtaa wake: huyu ndugu wa Mikindani amekosea. Kujibizana huku si kitu kipya. Muyaka bin Haji alikuwa akirushiana mashairi na wenzake kuhusu siasa za Mombasa na Oman karne mbili zilizopita, na Ahmad Nassir aliyeandika Malenga wa Mvita ni wa ukoo huohuo wa maneno. Tofauti ni kwamba mshairi alipaswa kujua vina na mizani. Mpiga simu anahitaji salio la shilingi 10.

Nimezijua simu hizi vizuri kuliko nilivyotaka. Baada ya kuacha chuo nilipata kibarua cha kunakili rekodi za mazungumzo ya redio ya asubuhi, neno kwa neno, kwa mtu aliyekuwa akifanya utafiti. Nililipwa kwa kila saa ya sauti, na nililipwa kwa kuchelewa, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Ilikuwa ni miezi ya kusikia Pwani yote ikilalamika masikioni mwangu. Maji ya mfereji. Karo za basari zilizoishia kwa watoto wa watu fulani. Nani aliyeajiriwa bandarini na anatoka wapi. Kama taarabu ya siku hizi ni taarabu. Mzee mmoja alitumia dakika nne nzima kumtetea Juma Bhalo dhidi ya mtu ambaye, kwa nilivyosikia mimi, hakuwa amemshambulia.

Na ardhi. Kila kitu kilirudi kwenye ardhi. Ukianza na mitaro ya maji machafu unaishia kwenye hatimiliki. Chukua Likoni: Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta alikuja kuwapa hati wakazi wa shamba la Waitiki, watu walioishi pale miaka mingi wakiitwa maskwota. Furaha ilikuwepo. Halafu ikajulikana kila mmoja atalipa Sh182,000, na ngoma ikageuka. Mtu aliyezaliwa hapo, babake amezikwa hapo, ananunua kutoka kwa nani? Hilo ni swali la Mwambao lililorudi kwa nguo za kazi.

Kwenye kunakili kulikuwa na kanuni: laini ikikatika, unaandika "simu imekatika" kwenye mabano. Mwanzoni niliamini ni mtandao. Baada ya saa 20 hivi za rekodi nikaanza kuona mpangilio. Simu za maji hazikatiki. Za taarabu hazikatiki, hata zikizidi. Zinakatika mpiga simu anapokaribia kutaja jina la mwenye shamba, au anaposema neno Pwani likifuatwa na "si". Baraza la MRC lilipigwa marufuku mwaka 2010, Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hayo mwaka 2012, lakini kidole cha fundi wa studio kilikuwa bado hakijapata nakala ya hukumu.

Siwezi kuwacheka watangazaji. Baada ya machafuko ya 2007 na 2008, mtangazaji wa Kass FM, Joshua Sang, alishtakiwa The Hague kwa madai ya kuchochea kupitia redio. Kesi ilisitishwa mwaka 2016, lakini kila mtu aliyekaa mbele ya maikrofoni Kenya aliiona. Sentensi moja ya mpiga simu usiyemjua inaweza kukuweka ndani. Na Likoni ina kumbukumbu yake, Agosti 1997, wakati vikaratasi na maneno ya "warudi kwao" viligeuka kuwa mapanga na watu wakauawa. Kwa hiyo kuna siku nimenakili simu iliyokatwa na nikasema afadhali. Kuna siku nyingine nimesikia sauti ya mama anayeuliza tu kaburi la mumewe litahamishiwa wapi, na hewani pakaingia tangazo la sabuni.

Nilipokabidhi kazi, mtafiti aliniomba nitoe mistari yote ya "simu imekatika", kwa vile haina maudhui. Nilibishana naye kidogo. Nilihitaji pesa. Nikaitoa. Ninayo nakala ya awali kwenye simu yangu, na nikizihesabu ni 61.

Mbotela aliuliza swali lake nusu karne bila kukatwa, na nadhani ni kwa sababu aliliweka kwenye tabia. Angeuliza: kumtoa mtu kwenye nyumba aliyozaliwa kwa karatasi iliyoandikwa Nairobi, je, huu ni ungwana? Swali lingekuwa lilelile kwa sarufi, na kipindi kisingefika mwaka wa pili. Simlaumu. Alipitisha neno moja, na lilikuwa zito. Wapiga simu wa Likoni wanajaribu kulipitisha lililobaki, na wanakatwa.

Jumapili baada ya msiba ule bibi alisema anataka kutoa rambirambi redioni. Hakuwahi kupiga simu studio maishani. Nilijaribu mara nyingi, laini imejaa, imejaa, halafu ikaita. Nikampa. Redio yake ilikuwa mezani, hatua moja kutoka alipoketi.

"Mama, karibu, wewe ni nani na unatupigia kutoka wapi?"

"Freretown," bibi akajibu, si Kisauni. Kisha hakutaja jina lake. Alitaja la babake, na la babake babake, jina ambalo mimi sikuwa nimelisikia, si la Kigiriama, si la Kizungu, akasema huyo aliletwa na manowari akiwa mtoto hajui kwao. Redio ya mezani ilikuwa ikiyarudia maneno yake sekunde moja nyuma, na mlio mkali ukaanza kupanda.

"Mama, tunakushukuru, punguza redio yako kidogo ndipo tukusikie," mtangazaji akasema.

Nikanyoosha mkono niipunguze. Bibi akanipiga kofi la vidole.

"Iache," akasema, simu ikiwa bado mdomoni. "Nataka kusikia."